Injini ya mtumba: fungua kwanza ndiyo ufunge

Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi mno kwenye gereji za hapa Nansio, na kila nikiisikia nakosa raha. Sentensi yenyewe ni hii: "Mzigo wa Japani huu bosi, sisi tunafunga tu." Injini imetoka Mwanza asubuhi, imesafiri kwenye meli ikiwa imekalishwa juu ya tairi bovu, imeshushwa bandarini, imepandishwa kwenye guta, na kabla ya magharibi imeshaingia kwenye gari. Hakuna aliyefungua hata kifuniko kimoja. Kesho yake gari liko barabarani na abiria ndani.

Naomba niseme msimamo wangu mapema tusipotezeane muda. Mimi sina ugomvi na injini ya mtumba. Ugomvi wangu ni na kuifunga bila kuikagua, na bila kubadilisha vile vitu vidogo vidogo ambavyo kila fundi anajua vimechoka. Watu wanasema tunafanya hivyo kwa sababu ya umaskini. Sikubali. Maskini ndiye hasa asiyekuwa na fedha ya kununua injini mara mbili.

Najua kuna atakayesema mwandishi wa habari ana lipi na mambo ya spana. Mimi si fundi, kweli. Lakini kazi yangu ni kuuliza, na nimekaa kwenye mabenchi ya gereji muda wa kutosha kujua maswali gani hayaulizwi.

Mtumba si dhambi

Tuanze na haki ya mtumba. Probox, IST, Noah na Hiace zinazotubeba zilishatumika na mtu mwingine kabla hazijatufikia. Ukienda Gerezani Dar es Salaam, Grogan Nairobi au Kisekka Kampala utakuta injini zimepangwa kama magunia ya mpunga, na nchi zetu zinatembea kwa sababu ya injini hizo. Bila mtumba, Ukerewe ingekuwa kisiwa cha baiskeli na pikipiki.

Tena mtumba wa Japani una sababu ya kusifiwa. Kule gari binafsi likishapita miaka yake 3 ya kwanza, linalazimika kukaguliwa kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi wanaona afadhali waliachie gari likiwa bado zima. Ndiyo maana unaweza kupata injini nzuri kabisa kwa bei ambayo mwenye Hiace anaimudu.

Ila tusidanganyane. Neno "Japani" halijaandikwa kwenye kila injini inayoitwa ya Japani. Nyingine imetoka kwenye gari lililopinduka hapa hapa nchini. Nyingine kweli imetoka Japani, lakini imekaa miezi kwenye yadi ikinyeshewa na tundu zake ziko wazi. Na kuna jambo moja ambalo wengi hatulifikirii: injini haina kumbukumbu ya safari zake. Mita ya kilomita ilibaki kwenye dashibodi, na dashibodi ilibaki kwenye gari. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "imetembea kidogo sana hii", muulize amejuaje. Utaona anavyobadilisha mazungumzo.

Kwenye chumba cha habari tuna sheria moja: habari ya mtu mmoja mwenye maslahi haichapwi mpaka uithibitishe kwa njia nyingine. Sioni kwa nini injini iwe na masharti mepesi kuliko habari.

Kwa nini Nansio ni tofauti

Mtu wa Nyakato au Igoma akiuziwa injini bovu, anapanda daladala na kurudi dukani kugombana siku hiyo hiyo. Sisi kati yetu na duka kuna ziwa. Kutoka Nansio mpaka Mwanza kwa meli ni karibu saa tatu majini, na ukipitia Rugezi unavuka kwa kivuko hadi Kisorya, kisha unazunguka kwa barabara ya Bunda. Injini ya dizeli ya Hiace si kitu cha kubeba begani. Kuirudisha unahitaji winchi ya kuitoa, watu wa kuibeba, nauli ya mzigo, nauli yako, na siku mbili za gari kulala. Muuzaji analijua hilo. Ndiyo maana ile "garantii" ya wiki moja unayopewa dukani, ukishavuka maji ni maneno tu.

Kwa hiyo ukaguzi wetu sisi unatakiwa uwe mkali kuliko wa mtu wa mjini, na ufanyike mara mbili: dukani kabla hujatoa fedha, na gereji kabla hujafunga. Kinachotokea ni kinyume chake. Tuko mbali zaidi na tunakagua kidogo zaidi.

Nitoe mfano. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alichukua mkopo SACCOS akanunua injini ya 3L kwa ajili ya Hiace yake. Ilifungwa kwa siku moja. Wiki ya pili ikaanza kuvuja oili kwa nyuma, kwenye sili ya krenki. Sili ile ni duara la mpira unaloweza kulishika kwa vidole viwili, na bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mafundi cha siku ile. Lakini ili uifikie ikiwa injini iko ndani ya gari, lazima ushushe gia boksi, utoe klachi, utoe na flaiwili. Klachi pleti ilikuwa imeshalowa oili, ikanunuliwa nyingine. Gari likalala siku nne. Mkopo haukulala. Injini ilipokuwa sakafuni, sili ile ingebadilishwa kwa muda wa kunywa chai.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Injini ikiwa sakafuni kila kitu kiko wazi na kazi ni rahisi. Ikishaingia ndani ya gari, kitu cha bei ndogo kinageuka kuwa kazi ya bei kubwa.

"Imewaka" siyo "ni nzima"

Kipimo kinachopendwa madukani ni kuwasha. Wanaweka betri, wanamimina mafuta kidogo, injini inanguruma nusu dakika, watu wanapiga makofi, fedha inahesabiwa. Wadau, ile nusu dakika inakuambia jambo moja tu, kwamba injini inaweza kuwaka. Haina rejeta wala maji, hivyo haijapata joto la kazi. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua kidogo, ufa kwenye hedi, presha ya oili inayoshuka injini ikipata moto, sili zilizokauka, vyote hivyo havijionyeshi ndani ya nusu dakika. Vinajionyesha ukiwa njiani na abiria.

Vipo vipimo vinavyosema ukweli zaidi, na vingi havihitaji mashine ya ajabu.

Zungusha krenki kwa mkono, kwa spana ndefu, mizunguko miwili kamili, kwa sababu injini inamaliza kazi zake zote katika mizunguko miwili. Ikikwama mahali, au ukisikia chuma kikigusa chuma, acha hapo hapo.

Fungua kifuniko cha oili na chomoa kijiti cha kupimia. Oili nyeusi si kosa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni kosa kubwa, maana yake maji yameingia mahali pasipotakiwa. Ukungu mweupe mdogo chini ya kifuniko unaweza kuwa ni unyevu wa kukaa muda mrefu, lakini ukiukuta mpaka ndani ya sampu, ondoka.

Shusha sampu. Hili ndilo mafundi wengi hawapendi kulifanya, na ndilo linaloeleza mengi kuliko yote. Chini ya sampu ndipo injini inapoweka siri zake. Ukikuta chenga zinazong'aa, au vipande vyenye rangi ya shaba, metali za krenki zimeanza kuliwa. Injini ya namna hiyo itawaka vizuri tu leo, na baada ya muda itaanza kugonga.

Pima kompresheni. Kwa injini nyingi za petroli tunazotumia, silinda nzima inasoma takriban 150 hadi 180 psi. Dizeli kama hizi za Hiace, zikiwa nzima, zinazidi 400. Lakini namba yenyewe si muhimu kama ulinganifu. Silinda tatu zikisoma 170 na moja 110, hiyo moja ina tatizo hata kama injini inanguruma kama mpya. Ukimimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu ya injini ya petroli na kipimo kikapanda, shaka ni ringi. Kisipopanda, angalia valvu au gasketi.

Na kama huna geji, upepo upo kila panapozibwa pancha. Weka pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefunga, shika krenki isizunguke, ingiza upepo kwenye tundu la plagi na utege sikio. Ukisikia upepo unatokea kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ukitokea kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Ukitokea kwa wingi kwenye tundu la oili, ni ringi. Ukiona mapovu kwenye maji, ni gasketi au hedi. Kipimo hiki kinahitaji utulivu na sikio tu.

Siku hizi kuna na vile vikamera vyembamba vya kuunganisha kwenye simu, unaingiza kwenye tundu la plagi unaona ukuta wa silinda. Kijana wa mjini anayenunua kava la simu kila mwezi hawezi kuniambia kifaa hicho ni cha anasa.

Vitu vya kubadilisha bila mjadala

Kuna hoja ya mafundi wakongwe naiheshimu. Wanasema injini ya Mjapani ukiifungua umeiua, kwa sababu hutairudisha kama kiwanda kilivyoifunga. Wana haki nusu. Kama kompresheni iko sawa na sampu ni safi, hakuna sababu ya kutoa pistoni, kubadilisha ringi wala kuchokonoa metali. Fundi anayetaka kufanya ovaholi ya injini nzima anakutafutia hasara nyingine.

Lakini nusu nyingine ya hoja hiyo ni uvivu uliovaa koti la busara. Mpira hauna uaminifu wa Kijapani. Mpira unakauka ukitumika na unakauka ukikaa. Kwa hiyo sili za krenki mbele na nyuma, sili za kamshafti, gasketi ya kava la tapeti, mipira ya maji, thamostati, filta na mikanda, hivyo vinabadilishwa hata kama "vinaonekana vizuri". Pampu ya maji ibadilishwe pamoja na mkanda wa taimingi, kwa kuwa kwenye injini nyingi unapita sehemu hiyo hiyo kuvifikia.

Mkanda wa taimingi nautaja peke yake. Kwenye injini za dizeli za jamii ya 2L, 3L na 5L, Toyota yenyewe inataka mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000, na gari lake huwa na taa ya kukumbusha. Sasa wewe umenunua injini isiyo na mita. Mkanda umetembea kilomita 20,000 au 99,000? Hakuna anayejua. Na kwenye injini hizo mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na injini uliyoikopea fedha inakuwa chuma chakavu kwa sekunde moja. Kufunga injini ya namna hiyo na mkanda uliokuja nao ni kamari, na abiria hawakuambiwa kwamba wanacheza.

Halafu kuna swali ambalo karibu halisikiki gereji: injini ya zamani ilikufa kwa nini? Mara nyingi ilikufa kwa kuchemsha, kwa sababu rejeta imeziba au kulikuwa kunawekwa maji ya ziwa moja kwa moja badala ya kulanti. Sasa tunatoa marehemu, tunaleta injini nyingine, tunaifunga kwenye rejeta ile ile iliyoua ya kwanza. Na wengine wanatoa na thamostati kabisa eti nchi yetu ni ya joto. Injini inataka kufanya kazi maji yakiwa na joto la nyuzi 80 na kitu. Ukitoa thamostati inachelewa kupata joto hilo, inakula mafuta zaidi, na silinda zinalika mapema. Joto la nje halihusiani kabisa.

Na ikishafungwa, usiikurupushe. Mimina oili kidogo kwenye silinda, weka oili mpya, zungusha na stata bila kuwasha mpaka taa ya presha ya oili izimike. Ndipo uwashe. Baada ya kilomita 500 au 1,000 mwaga oili hiyo uone imetoka na nini.

Somo la Liemba

Anayedhani injini iliyotumika lazima iwe takataka, namkumbusha meli ya MV Liemba kule Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine zake grisi nzito. Meli ilikaa chini ya maji miaka, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mashine zikaonekana bado zinafaa. Ikarudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba.

Angalia hizo tarehe. Iliibuliwa 1924, ikabeba abiria 1927. Miaka 3 ya kukagua na kutengeneza kabla ya mtu kupanda. Sisemi mwenye Noah asubiri miaka 3. Nasema kama mashine zilizopakwa grisi na mafundi makini zilikaguliwa hivyo, injini yako iliyonyeshewa kwenye yadi inastahili walau siku 2.

Na majini je?

Kwa Ukerewe hoja hii haiishii barabarani. Injini za boti nazo zinauzwa mkononi kila mwalo. Kule ukaguzi una sura mbili. Ya kwanza ni ile ile ya kompresheni, plagi, na ule mpira unaosukuma maji ya kupoozea, ambao ukichakaa injini inaungua ukiwa katikati ya maji na upepo umeanza. Ya pili ni namba ya injini. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamekuwa wakivamiwa na kuporwa injini kwa miaka mingi. Injini ya bei ya kutupa yenye namba iliyosuguliwa, kuna mvuvi mahali fulani anaililia. Ukiinunua umejiunga na waliomvamia.

Kwenye gari pia namba ni muhimu. Kadi ya gari ina namba ya injini, na ukibadilisha injini taarifa hiyo inatakiwa ibadilishwe TRA. Bila risiti yenye namba ya injini utaanzia wapi? Dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu hali ya bidhaa, lakini sheria hiyo haiwezi kumsaidia mtu mwenye karatasi ya daftari iliyoandikwa "engine 1, pcs 1".

Ninachodai

Nadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Muuzaji akubali injini ipimwe kompresheni na sampu ishushwe kabla ya malipo. Anayekataa ameshakujibu.

Fundi amwambie mwenye gari kwa maandishi: nimekagua hiki, nimebadilisha hiki, hiki umekataa mwenyewe. Hapo fundi mzuri atatofautishwa na fundi maiko, na atalipwa anachostahili. Sasa hivi tunamlipa fundi kwa kufunga haraka, halafu tunashangaa kwamba anafunga haraka.

Na mwenye gari, tafadhali, unapopanga bajeti usimalize fedha yote kwenye injini. Kama fedha yote inaishia dukani, basi bado hujaimudu injini hiyo. Tafuta ya bei ya chini kidogo iliyo nzima, au subiri mwezi mmoja, ili ibaki fedha ya sili, mkanda, rejeta na siku 2 za fundi kufanya kazi kwa utulivu.

Mama anayepanda Hiace saa kumi na moja alfajiri kuwahi meli na tenga lake la samaki hana njia ya kujua sampu ya gari hilo ilishushwa lini. Anaona kiti na anasikia injini inanguruma. Kujua ni kazi yetu sisi wenye magari, wauzaji na mafundi. Wewe unayesoma hapa na unatafuta injini mwezi huu, umeshamuuliza fundi wako atafungua nini kabla hajafunga?